Sifa za Gorogoro ya Nati

Washairi wa Pwani wameusifu mnazi kuanzia mizizi hadi makuti, wakasifu jahazi, wakamsifu mwanamwali. Wagusii nao hawahitaji mwalimu wa kuwafundisha kumsifu ng'ombe. Hata Probox, gari lisilo na urembo wowote wa kusimulia, limepata wasifu wake: kaa kidogo kwenye stendi ya magari mjini Kisii utasikia likitajwa kwa heshima ambayo diwani anaiota tu. Lakini gorogoro ya nati na bolti, inayokaa pembeni mwa gereji ya nyumbani kule Kiogoro, hakuna aliyeitungia hata ubeti mmoja. Anayeitaja huitaja kwa kulaani, tena akiwa amepiga magoti. Dhuluma hii imedumu vya kutosha.

Nianze na nasaba, maana mkubwa husifiwa kuanzia kwa babu zake. Gorogoro ilizaliwa kiwandani ikiwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Mafuta yalipoisha ikapandishwa cheo, ikaenda sokoni kupima mahindi na maharagwe, kilo mbili hivi kwa kila mjazo, na kwa miaka mingi ikawa hakimu kati ya mwenye gunia na mwenye kikapu. Kwamba wachuuzi fulani waliibonyeza kitako ili ishike kidogo, hilo si kosa lake. Ilipopata kutu na tundu ikastaafu sokoni, na badala ya kwenda kulima kama wastaafu wengine, ikaingia gereji. Wapo wakubwa serikalini wasio na rekodi ya utumishi inayokaribia hiyo.

Sasa makao yake. Kiogoro ni wadi ya Nyaribari Chache, nje kidogo ya mji wa Kisii, mahali ambapo ardhi ni vilima na kila kilima kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wana wa wana, hadi mpaka wa shamba ukawa mstari wa migomba. Katika hali hiyo mpenzi wa magari hajengi gereji, anaichomeka. Ataipata nafasi kati ya jiko na zizi la ng'ombe, asimamishe nguzo za mkaratusi, aezeke mabati yaliyobaki nyumba kubwa ilipojengwa, na nguzo azipake mafuta machafu ya injini ili mchwa wasizile. Shimo la kuingia chini ya gari atalichimba mara moja tu maishani mwake, mwezi wa Januari. Likifika Aprili lina vyura. Mwenye akili zaidi huutumia mteremko: anakata mfereji kwenye ukingo, magurudumu yakae juu pande mbili, yeye apite katikati akiwa amesimama wima kama binadamu.

Na sakafu? Sakafu ni udongo mwekundu. Nati ikianguka kwenye saruji hulia, ikabingirika, ukaifuata kwa sikio. Ikianguka kwenye udongo wa Kisii ulioloa, inanyamaza. Na udongo huo huloa mara nyingi, kwa sababu mvua ya huku hupita milimita 1500 kwa mwaka na haina mwezi ambao unaweza kuuamini. Ndipo mafundi wa nyumbani wakagundua sumaku ya spika iliyokufa. Unaivika mfuko wa plastiki, unaiburuta chini, nati na bolti na misumari vinaikimbilia. Kisha unaugeuza mfuko nje-ndani juu ya gorogoro, sumaku inatoka safi na mavuno yote yanabaki humo. Kwa njia hii gorogoro hula kila siku bila kuomba. Ina haki pia ya kula vya wengine: mara nyingi sumaku hurudi na bolti ambazo gari lililoko gerejini halijawahi kuwa nazo.

Sifa yake ya kwanza ni usawa. Chungulia ndani. Nati ya tairi la Nissan imelala ubavuni mwa nati ya tairi la Toyota. Kuna bolti ya Peugeot 504, gari lililoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, likaja kumalizia uzee wake likibeba abiria na ndizi vijijini. Kuna washa za pikipiki, skrubu ya cherehani, kichwa cha bomba, ufunguo wa kufuli ambalo hakuna anayekumbuka lilifunga nini, na jino la trekta, ingawa trekta katika mashamba haya lingegeukia wapi? Hakuna bolti inayomuuliza mwenzake ametoka kabila gani. Hapa Kenya hilo si jambo dogo.

Sifa ya pili ni elimu, na hapa naomba subira kidogo, kwa kuwa gorogoro imewasomesha watu wengi ambao karo iliwashinda. Chukua zile nati mbili za tairi. Kwa macho ni mapacha. Spana nambari 21 inazifungua zote mbili. Stadi zake zote zina unene wa milimita 12. Lakini jino hadi jino, Toyota imeweka milimita 1.5 na Nissan 1.25. Ukiiweka nati ya Nissan kwenye stadi ya Toyota, itaingia kwa vidole mzunguko mmoja kwa adabu kabisa, halafu itagoma. Mwanafunzi mwepesi ataitoa. Mwanafunzi mzito ataleta paipu, aichomeke kwenye mpini wa spana, aning'inie. Atasikia mlio mmoja mkali, stadi imekatika, na somo hilo hatalisahau hadi kaburini. Chuo gani cha ufundi kinafundisha kwa kasi hiyo?

Vilevile ni gorogoro inayomfunulia mtu kwamba bolti ya unene wa milimita 8 katika gari la Kijapani hufunguliwa kwa spana nambari 12, na ileile katika gari la Ulaya kwa nambari 13. Ndiyo sababu ile 13 ya kwenye seti yako inang'aa bado. Inangoja siku Peugeot ya mwalimu mstaafu itakapozimika mlangoni pako.

Kisha kuna historia. Kabla ya mwaka 1841 kila karakana ya Uingereza ilikata meno ya bolti ilivyopenda. Nati ikipotea ulirudi kwa fundi yuleyule aliyekuuzia, na fundi akifa, mashine yako nayo ilikuwa imefiwa. Mwaka huo Joseph Whitworth akapendekeza kipimo kimoja kwa nchi nzima, meno yakatwe kwa pembe ya digrii 55. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia akawapa Wamarekani pembe yao, digrii 60. Digrii tano zikaonekana si kitu, hadi Vita Vikuu vya Pili vilipoyaweka majeshi ya nchi hizo upande mmoja, na nati ya huyu ikakataa bolti ya yule. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana kipimo cha pamoja. Gorogoro haikualikwa kwenye mkutano huo, wala haitambui maazimio yake. Ndani yake Whitworth hajazaliwa. Bolti ya Land Rover ya zama za mkoloni inajaribiwa kwenye nati ya Subaru, kwa matumaini yaleyale, kila Jumamosi.

Ina maadui, bila shaka. Hao ni watu waliotembelea gereji ya tajiri fulani, wakaona ukuta mweupe na ubao uliochorwa kivuli cha kila spana, wakarudi nyumbani wamebadilika. Watakwambia Wajapani wana kanuni tano za kupanga mahali pa kazi, zile zilizopata umaarufu viwandani mwa Toyota, na ambazo hospitali za Tanzania zimezibandika ukutani kwa Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Sizikatai. Ila nawaomba wazijaribu kwa gorogoro, waanzie ya kwanza. Tandika gunia uani, imwage. Nati zilizoshikana kwa kutu zigonge kwa nyundo. Panga mafungu matatu: zinazofaa, zisizofaa, na zisizojulikana. Ikifika saa nane utaona fungu la tatu limeyameza hayo mawili. Ikifika saa tisa wingu linatokea upande wa Manga, mvua inashuka, na watoto wanazizoa zote kwa mikono miwili kuzirudisha zilikotoka. Kanuni ya kwanza imeishia hapo. Hiyo ya tano hakuna aliyewahi kuonana nayo.

Mwenye pesa ananiambia: nunua bakuli la jiwe kwa wachongaji wa Tabaka, nati zikae vizuri. Ni bakuli zuri, wageni wataweka matunda. Mwingine anasifu kadibodi: unachora umbo la injini, unatoboa matundu, kila bolti unaichomeka mahali inapolingana na ilikotoka. Nakubali kadibodi inafanya kazi, tena sana. Lakini kadibodi haina siri. Ukimaliza kazi imemaliza nayo, inakwenda kuwasha jiko. Gorogoro inakumbuka kila gari lililopita hapo, hata lile lililouzwa kwa vyuma chakavu, na inakumbuka bila mpangilio wowote, jinsi wazee wanavyokumbuka.

Tena ni mali ya kijiji. Spana mtu haazimi. Ukimwazima jirani nambari 14 utaiona tena kwenye harusi ya mwanawe. Gorogoro haina mlango. Mwenye bodaboda anakuja, anasema "Omogaka, nitafutie nati ndogo ya breki," anaambiwa ipo humo, anachuchumaa. Nusu saa baadaye bado amechuchumaa, amekwisha kueleza bei ya majani chai, ugonjwa wa shangazi yake na nani atasimama udiwani. Amepata nati? Hapana. Ameondoka na nyingine ambayo anadhani itamfaa mbeleni. Gazeti la kaunti haliwezi kushindana na mkebe huo.

Sasa nifike kwenye sifa yake kuu, ukarimu, ambao kwa kweli hauna mipaka. Ukienda duka la spea mjini utaulizwa maswali ya polisi: gari gani, mwaka gani, injini gani, upande gani. Gorogoro haiulizi. Inakupa. Bolti ya kaliper ya breki imepotea? Hii hapa moja inayoingia. Ukiiangalia kichwani haina nambari yoyote, au ina 4.6. Ile ya kiwandani yaweza kuwa 8.8, maana yake inavumilia mvuto wa megapaskali 800 kabla haijakatika. Hii ni 400. Ni nusu tu, na nusu si haba. Pengine ilitoka kwenye kitanda, ambako ilitumikia familia miaka mingi bila lawama. Sasa inapewa heshima ya kushikilia breki za Probox inayoteremka kilima kuelekea Kisii, wanne kiti cha nyuma, wengine kwenye buti pamoja na mikungu ya ndizi, na mmoja amegawana kiti na dereva. Abiria wote hao wanasafiri kwa hisani ya gorogoro na hakuna aliyelipishwa hata shilingi kwa hisani hiyo. Mwenye duka hawezi kukupa hayo. Hata akitaka, dhamiri itamzuia.

Mwishowe, urithi. Kisii tunajua urithi ni nini: mzee hajafikisha arobaini kaburini, kamba ya kupimia imeshaletwa, na ndugu waliokula obokima, yaani ugali, sahani moja wanapelekana kwa chifu kwa ajili ya hatua mbili za ardhi. Gari litagombewa. Mabati ya gereji yatagombewa. Seti ya spana itatoweka usiku wa matanga na kila mtu atamshuku shemeji. Gorogoro itabaki palepale pembeni. Hakuna kesi ya gorogoro iliyowahi kufika mahakamani, na hakuna mwana aliyedai igawanywe. Mali yote ya marehemu ingekuwa na tabia hiyo, mawakili wangelima chai.

Basi ndugu msomaji, ukitaka kuanza gereji nyumbani, kwanza nunua stendi mbili za chuma, maana jeki peke yake si ya kumwingiza mtu chini ya gari, na tofali hupasuka bila kuaga. Halafu spana nambari 10, 12, 14, 17 na 21 kwa gari la Kijapani. Rafu na rangi ya ukuta zingoje. Bolti za breki, za usukani na za magurudumu kanunue dukani, na maswali yote ya mwenye duka uyajibu. Gorogoro usiinunue. Itaanza yenyewe siku ya kwanza utakapomaliza kufunga injini ukabaki na bolti mbili mkononi.