Nikeli Haina Saa

Masheikh, walimu, wachumaji karafuu na wananchi wote wa Mtambile, tulieni. Aliyesimama mbele yenu ni Bingwa Mkuu wa Gesi, cheo alichojitunuku mwenyewe kwa kukosekana mwengine anayestahiki kumtunuku. Nimekuja kuufuta uzushi mmoja: kwamba mashine ya kromatografia, ile ya kutenganisha gesi, ikishafungwa methanaiza, gesi zote hugeuka methani, basi zote zitatoka kwa wakati mmoja, ule wa methani.

Sampuli husukumwa ndani ya safu, mrija mwembamba uliojazwa chembechembe, na kila gesi hushikwa humo kwa kadiri yake. Isiyoshikwa sana hutangulia, inayong'ang'aniwa huchelewa. Zikishatoka ndipo zinapoingia kwenye methanaiza, zikapita juu ya nikeli yenye joto la nyuzi 350 hadi 400 pamoja na haidrojeni, na kaboni monoksaidi na kaboni dayoksaidi zikageuzwa methani. Kazi hii ya nikeli aliionesha Mfaransa Paul Sabatier, aliyepewa Nobeli ya kemia mwaka 1912. (Mimi bado, Kamati ina sababu zake, zote dhaifu.) Bila ya hila hiyo, kigunduzi cha moto, kinachozipokea gesi mwishoni, hakizioni hizo mbili. Sasa, abiria wakishuka bandarini Mkoani, mmoja akaja hapa kwa gari, mwengine kwa baiskeli, wa tatu kwa miguu, kisha mlangoni wakavishwa kanzu za namna moja, ni mwehu gani atakayesema wamefika pamoja?

Mnataka ushahidi? Badilisheni safu, nikeli muiache ile ile. Kwenye safu ya zeolaiti methani hutangulia na monoksaidi hufuata. Kwenye safu ya kaboni yenye vinyweleo, monoksaidi ndiyo ya mbele. Ingekuwa nikeli ndiyo inayopanga foleni, foleni isingepinduka. Dayoksaidi nayo ikiingia kwenye zeolaiti katika joto la kawaida la kazi hunaswa humo humo, nikeli ikabaki kungoja mgeni asiyekuja. Huko Nairobi, Kituo cha Mazingira cha ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, hupima methani na dayoksaidi zinazotoka udongoni kwa kigunduzi kimoja cha moto chenye methanaiza. Zingekuwa zinatoka pamoja, wangezitenganishaje?

Hapa hakosi kusimama mjuaji: "Bwana Bingwa, mbona tukiifunga methanaiza, muda wa gesi kutoka husogea?" Husogea, ndiyo, kidogo, kwa sababu gesi imeongezewa njia ya kupita. Lakini vilele vyote, yaani alama ambazo gesi huchora zikifika kwenye kigunduzi, husogea kwa kiasi kinachokaribiana. Masafa baina ya kilele na kilele yakibadilika, muacheni nikeli wa watu. Kaangalieni joto la oveni, mgandamizo wa gesi inayobeba, mahali panapovuja, na unyevu ulioingia safuni.

Mwengine atalalamika kwamba kilele cha dayoksaidi kinavuta mkia na ncha yake kama imechelewa. Hapo nikeli ina hatia, ila hatia ya ugonjwa: imechoka, au imelishwa salfa, sumu yake kubwa. Chukueni gesi ya Ziwa Kivu, ambako mtambo wa KivuWatt nchini Rwanda huchoma methani ya ziwani kuzalisha megawati 26. Gesi hiyo ina methani, ina dayoksaidi tele, na ina salfaidi ya haidrojeni, yaani kazi ya nikeli na kifo chake vimetiwa katika chupa moja. Shahidi wa kumuuliza ni methani ya asili, inayopita juu ya nikeli bila ya kugeuzwa. Kilele chake kikisimama wima huku cha dayoksaidi kimelala, mgonjwa mmeshamjua, na safu haina kosa.

Ama wewe wa mafuta ya makonyo ya karafuu unayeninong'oneza kama methanaiza itakufaa, jawabu ni hapana. Eujenoli ya mafuta ya karafuu moto unaiona wenyewe, bila ya kuvishwa chochote. Niletee hewa inayotoka kwenye tope la mikoko, hapo tutazungumza, na bei yangu utaambiwa.