Elimu ya Kusimama Wima na Hasara Zake

Kusimama wima ni elimu ambayo binadamu huihitimu akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, pale anaposimama dede huku jamaa wakimpigia makofi, na baada ya hapo hakuna anayemtahini tena mpaka siku atakapojiandikisha katika darasa la yoga. Hapo ndipo mtu mzima mwenye cheo, watoto na mkopo wa benki huambiwa, kwa upole unaoudhi kuliko ukali, kwamba hajui kusimama. Mkao unaotumiwa kumthibitishia ujinga wake huitwa kwa Kisanskriti Tadasana, yaani mkao wa mlima, na wengine huuita Samasthiti, kwa maana ya kusimama bila kuyumba huku uzito umegawanyika sawasawa. Ndani yake mtu hafanyi lolote ila kusimama miguu ikiwa pamoja, mikono imeteremka ubavuni na macho yanatazama mbele, na mpita njia anayechungulia dirishani hawezi kuamua kama watu wale wanafanya mazoezi au wanasubiri kuhudumiwa.

Aliyeupa mkao huu heshima yake ya sasa, kuliko walimu wengine wengi, ni B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa kusini mwa India mwaka 1918 na kufundisha kwa miongo mingi mjini Pune hadi alipofariki mwaka 2014. Kitabu chake Light on Yoga, kilichotoka mwaka 1966 kikiwa na picha zipatazo 600, huanza na mkao wa mlima kabla ya kufikia ile ambayo msomaji hulazimika kukigeuza kitabu ili ajue kichwa cha mwalimu kiko wapi. Na humo ameeleza kwamba kosa la kusimama husomeka hata kwenye kiatu, kwa kuwa mtu anayeelemea upande mmoja wa mguu huumaliza upande huo kwanza. Habari hiyo si ngeni kwa fundi viatu yeyote wa Kariakoo, ambaye akikitupia jicho kisigino tu hujua mwenye kiatu anaelemea wapi, isipokuwa kwamba fundi hulipwa mara moja na mwalimu wa yoga hulipwa kila mwezi.

Mafunzo huanzia nyayoni. Kila mguu, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26, na uzito unatakiwa utue katika sehemu tatu, yaani kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole cha mwisho, huku upinde wa wayo ukibaki umeinuka katikati. Ili sehemu hizo zihisike, mwanafunzi huagizwa ainue vidole vyote vya miguu, avitanue, kisha avishushe kimoja kimoja kuanzia kile kidogo. Kuinua ni rahisi. Kutanua ndiko kunakoleta aibu, kwa sababu kidole kidogo kilichokaa miaka thelathini ndani ya kiatu chembamba hakina habari kwamba kinaweza kupewa amri; mwenyewe hukikodolea macho, hukunja uso, huuma mdomo, na baada ya jitihada zote hizo hugundua kwamba vilivyotanuka ni vidole vya mikono. Na kwa kuwa amekuwa akiinama kukiangalia kidole, shingo imeshapinda, na sauti ya mwalimu humfikia kutoka nyuma: “Tazama mbele, kaka.”

Kuanzia hapo makosa hupanda mwili ngazi kwa ngazi, na hapa pana jambo ambalo walimu wachache hulisema waziwazi, nalo ni kwamba anayeharibikiwa zaidi darasani si mkaidi bali mtiifu. Kila agizo la kusimama lilibuniwa kwa ajili ya kosa fulani la mtu fulani, lakini hutangazwa kwa darasa zima. “Ingiza kifandugu ndani,” yaani kile kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo, ni dawa ya mtu aliyebinua makalio na kutanguliza tumbo. Karani ambaye kiuno chake kimeshanyooshwa na kiti cha ofisi hakuwa na ugonjwa huo, lakini kwa kuwa ni mtu wa kutii anakiingiza kifandugu kwa nguvu zote, na matokeo yake anasimama kama alama ya kuuliza. Agizo la kurudisha mabega nyuma linamfaa aliyejikunja, ilhali mwenye kifua kilichokwisha kutangulia akilitii hutokeza mbavu za mbele na kukata pumzi. Uti wa mgongo wenyewe una pingili 33, zikiwamo 24 zinazocheza, nao kwa maumbile umepinda: huingia ndani shingoni, hutoka nje kifuani na huingia tena kiunoni. Mwalimu anaposema “nyoosha mgongo” anamaanisha urefushwe pamoja na mipindo yake. Mwanafunzi mtiifu hudhani ameambiwa aifute.

Kwa wasioelewa kuna ukuta. Mtu huusogelea kwa mgongo mpaka kisigino, makalio, mgongo wa juu na kisogo viuguse kwa pamoja, na wengi, hasa wanaoshinda wameinamia simu, hukuta kisogo kimebaki mbali, kwa hiyo hukifikisha kwa hila ya kuinua kidevu hadi macho yaangalie feni ya darini. Ukuta wa darasa moja la Dar es Salaam, uliopakwa rangi nyeupe na mtu asiyewajua wateja wake, una madoa ya mafuta ya nywele katika kimo cha vichwa, na kutoka katika kila doa kuna mchirizi unaoshuka, kwa kuwa mwanafunzi anapochoka huteremka polepole akidhani haonekani.

Ugumu huu wote una sababu ya kimwili. Ukidondosha timazi, ile kamba yenye uzito ambayo mwashi hupimia ukuta, pembeni mwa mtu aliyesimama vizuri, hupita tundu la sikio, bega, nyuma kidogo ya kiungo cha nyonga, mbele kidogo ya goti, kisha mbele kidogo ya kifundo cha mguu. Maana yake ni kwamba mwili, hata ukisimama sawasawa, daima unaelekea kuanguka mbele, na misuli ya mashavu ya miguu kazi yake ni kuurudisha. Hakuna mtu hai anayesimama bila kuyumba hata chembe. Macho, sikio la ndani na hisi za viungo hushirikiana kurekebisha myumbo huo, ndiyo maana mwalimu anapotaka utulivu zaidi na kuamuru macho yafumbwe hupata kinyume chake, na safu ya mwisho huanza kuegemeana kama isemavyo methali ya umoja ni nguvu.

Madhara makubwa zaidi hutokea mwanafunzi anapoitoa elimu hii nje ya darasa. Kwenye foleni ya benki, mtu aliyevuta pia za magoti juu, akashusha mabega na kupumua kwa kina huku akitazama mbele bila kupepesa, huwavutia walinzi upesi, na mmoja wao hulazimika kumsogelea na kumuuliza: “Mzee wangu, uko salama?” Ndani ya daladala mambo ni mabaya zaidi. Mkao unataka mikono iteremke ubavuni, hivyo mwenye mkao wake hashiki bomba. Unataka magoti yaliyo imara, naye ameyakaza kwa kuyasukuma nyuma mpaka yamefunga, ilhali alichofundishwa ni kuyavuta kwa misuli ya paja tu. Dereva akikanyaga breki, mlima wote huhamia mapajani mwa mama mwenye kikapu cha nyanya.

“Shikamoo mama, samahani sana.”

“Marahaba, mwanangu. Shika bomba.”

Wakati huohuo konda, mlangoni, noti zimekunjwa kati ya vidole, magoti yamelegea kiasi na vifundo vinacheza kila gari linapocheza, hajatikisika. Na hakuna aliyemtoza ada.

Kisa kinachouma zaidi ni cha nyumbani, pale mwanafunzi anapoambiwa afanye mazoezi akiwa na kitabu utosini. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake kuhusu wanawake wa Kenya, Wajaluo wanaobeba mzigo kichwani na Wakikuyu wanaoubeba mgongoni kwa ukanda wa kwenye paji la uso, ukaonyesha kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia oksijeni zaidi ya pale walipotembea mikono mitupu. Kwa mwenye kilo 60 huo ni mzigo wa kilo 12. Sasa bibi aliyebeba maji kichwani tangu usichana, akiwa amekuja mjini kusalimia, humkuta mjukuu wake sebuleni, kitabu kimeshaanguka mara kadhaa, jasho linamtoka.

“Mjukuu wangu, na hela unalipa?”

“Ndiyo, bibi.”

“Ya kufundishwa kusimama. Ya kukaa ni bei gani?”

Mjukuu anaweza kujitetea kwamba kuna mkao usiohitaji elimu, nao ni ule wa kufungia darasa, Shavasana, yaani mkao wa maiti, ambao mtu hulala chali na kutulia. Iyengar, hata hivyo, aliuhesabu miongoni mwa mikao migumu kuimudu, na walimu waliomfuata wamelishika neno hilo. Taa zikipunguzwa, mwalimu hupita kati ya mikeka bila viatu, huyu humwekea shuka iliyokunjwa chini ya kichwa kwa sababu kidevu kimeelekea juu, yule humsawazisha miguu iliyodondoka upande mmoja, na maiti, kwa kuwa amelelewa vizuri, hufumbua macho, huinua kichwa na kusema: “Asante, mwalimu.” Inabidi apangwe upya.