Umalkia wa Mlimani

Ulaya nako kuna raha zake. Mtu ana nyumba yenye joto na godoro la maana, anaviacha, anaikwea milima ya Alps akiwa na skii mgongoni, ili tu alale kibandani amebanana na asiowajua kama abiria wa daladala ya jioni. Na nauli analipa.

Kibanda cha Capanna Margherita, Italia, kipo mita 4,554 juu ya usawa wa bahari. Malkia Margherita wa Italia mwenyewe alipanda hadi hapo mwaka 1893. Wageni wa leo wanamzidi umalkia: huyu analalamika supu imepoa, yule anauliza bafu liko wapi, ilhali maji yenyewe ni theluji iliyoyeyushwa. Chakula huletwa kwa helikopta, lakini wao wanashangaa bei!

Buti huachwa mlangoni; unapewa ndara, ukikosa bahati, zote ni za mguu wa kushoto. Alfajiri taa zikiwashwa, aliyekoroma usiku kucha ndiye wa kwanza kulalamika kwamba hakupata usingizi.

Ukienda, weka nafasi mapema, beba shuka na viziba masikio. Malalamiko yaache bondeni.