Shikamoo, Kanuni Mpya

Pilau limesifiwa, bahari imesifiwa, hata punda ana methali zake. Kanuni mpya ya mchezo wa kompyuta haijawahi kupigiwa hata kofi moja. Basi leo nikiwa hapa Miasenyi, Taita Taveta, kando ya barabara ya Mombasa, naiamkia: shikamoo.

Nauzungumzia Civilization VI, mchezo wa zamu kwa zamu ambao mtu hujenga dola kutoka enzi za kale hadi enzi za roketi. Aliyekwisha kuujua ni mtu wa hatari: hasomi maelezo, na hushauri wasiomwuliza. Ndipo 2018 ikatoka nyongeza ya Rise and Fall na kanuni ya utiifu, na mabingwa wote wakarudi darasa la kwanza. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa hilo 2004, akiwa na miaka 84, kwa hiari yake. Hawa waliingizwa kwa nguvu, na ndiyo heshima yenyewe.

Utiifu wa mji hauzidi 100. Wakazi wa miji iliyo ndani ya vigae 9 huuvuta kila zamu. Wa jirani yako wakiwa wengi kuliko wako, unashuka. Ukifika sifuri mji unaasi, pamoja na ghala na ukuta ulioulipia wewe, bila risasi kulia. Ni rafiki gani mwingine angekuambia wazi kwamba mji ulioupachika mbali kwa tamaa ya madini haukupendi?

Dawa yake ni gavana: ukimpeleka, utiifu hupanda kwa 8 kila zamu. Kigelegele! Kenya ina magavana wa kaunti tangu 2013, kwa hiyo wabunifu walituiga kwa kuchelewa miaka mitano. (Wa kwao hana msafara wala mabango, na huhamishwa kwa kubofya tu. Sitasema zaidi.) Mtu wa huku hahitaji kufafanuliwa hilo la kuvutana. Mbele kidogo ukielekea Mombasa, pale Mackinnon Road, kaunti za Taita Taveta na Kwale zimezozania mpaka miaka na miaka: nani akusanye kodi, wakazi wamtazame nani.

Juu ya yote, kanuni mpya ni kisingizio kisafi. Zamani aliyeshindwa alikuwa ameshindwa. Siku hizi anashusha pumzi na kusema, "Wamebadilisha mambo," na wote wanamwitikia pole.

Mwaka 2019 ikaja Gathering Storm na ukame wake, ambao mji wenye mfereji wa maji hauuogopi. Hapo wabunifu wamesahau kanuni moja: maji yanaweza kukupita bila kukunywesha. Maji ya chemchemi ya Mzima, iliyo humu humu Taita Taveta, yamekuwa yakienda Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950, na ndoo za huku zinayatazama yakipita. Wakitaka kuifanyia utafiti kanuni hiyo, Miasenyi ina kituo cha SGR. Waangalie tu wasipande treni ya moja kwa moja, nayo haisimami.