Barua ya Wazi kwa Waziri Mkuu wa Italia

Kwako Mheshimiwa Giorgia Meloni,
Roma.

YAH: OMBI LA KUFUNDISHWA UZALENDO WA KIUCHUMI

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu. Wengine bado tuna uzalendo wa kizamani, ule wa kutaka bei ishuke na ajira ipatikane. Chama chako, Fratelli d'Italia, kimetuacha mbali. Tunaomba utunoe.

Mwaka 2019, ukiwa upinzani, ulijirekodi kwenye kituo cha mafuta. Ukatoa euro 50, ukaonyesha kwamba 35 zinamezwa na serikali, ukadai ushuru ule ufutwe. Oktoba 2022 ukashika madaraka. Ilipofika Januari 2023, kilichofutika ni nafuu ya ushuru iliyoachwa na mtangulizi wako, Mario Draghi. Je, pampu ile nayo ilihamia upinzani?

Wahamiaji ulitaka wazuiwe baharini kwa meli za kivita. Julai 2023 serikali yako ikapitisha vibali vya kazi 452,000, kwa kipindi cha miaka mitatu, kwa watu wa nje ya Umoja wa Ulaya, maana nyanya hazijichumi na wazee hawajiogeshi. Mwaka 2025 mkapitisha vingine karibu 500,000, vya 2026 hadi 2028. Somo limeeleweka: mgeni ni tishio jukwaani tu, akifika shambani ni nguvukazi.

Kilichotukosha zaidi ni lile gari. Aprili 2024 kampuni yenu ya Alfa Romeo ilizindua gari jipya ikaliita Milano, jina la mji wenu, ilhali linaundwa Poland. Waziri wako, Adolfo Urso, akang'aka kwamba sheria inakataza kumhadaa mnunuzi. Siku chache baadaye likabatizwa Junior. Kiwanda kikabaki Poland, ajira zikabaki Poland, heshima ya taifa ikarudi nyumbani salama salimini.

Shirika la ndege la ITA Airways nalo halikuguswa jina. Asilimia 41 ya hisa zake ndiyo iliyokwenda kwa Lufthansa ya Ujerumani, Januari 2025.

Kwa kuwa uchaguzi wenu unatarajiwa 2027, naomba mapema orodha ya vitu vitakavyopewa majina ya kizalendo, ili wapiga kura wajue ni vipi vitakavyobaki na bei ileile.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwanafunzi wa Uzalendo.