Waldi Apandishwa Kizimbani

Mama, Shangazi, na wote mnaosomewa barua hii barazani: nianze na lile lililowafanya mumpigie simu sheikh: hapana, siishi na mbwa. Mbwa anaishi ghorofa ya chini na Bibi mwenye nyumba, mimi naishi juu peke yangu. Goti la Bibi limekataa ngazi, naye kanipunguzia kodi ya chumba ili nimtembeze mbwa wake asubuhi kabla ya darasa la uuguzi, na jioni nikirudi. Na huyo aliyewatumia ile picha yangu na mbwa bila maelezo, Mungu anamwona.

Mambo ya ibada yasiwatie wasiwasi. Mbwa mkavu na mkono mkavu hakuna neno, tulifundishwa sote madrasa. Matata ni ulimi wake, hauna adabu. Kwa hiyo bafuni nina kopo la udongo safi, pakitokea la kutokea naosha mara saba, moja kwa udongo, nimemaliza. Bibi alipoliona kopo akadhani napanda maua. Kesho yake akaniletea mbegu za alizeti, nami nikashukuru. Kueleza kungechukua jioni nzima.

Mbwa mwenyewe anaitwa Waldi, ni dachshund. Asiyejua alivyo aingie jikoni atazame mbuzi ya kukunia nazi: mrefu, chini chini, pua mbele. Jina lake lina ukoo. Katika Olimpiki ya Munich ya 1972, ileile ambayo Kipchoge Keino wa Kenya alitwaa dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, kinyago rasmi cha michezo kilikuwa mbwa wa aina hii, naye aliitwa Waldi. Wajerumani hawakuishia hapo. Njia ya marathoni waliichora ifuate umbo la huyo mbwa, wanaume wa dunia nzima wakakimbia kilomita 42 kumzunguka kuanzia masikio hadi mkia. Sasa mbwa mwenye jina kama hilo utamwambia nini?

Msifikiri ni mbwa wa kuokota. Hapa Hamburg mbwa ana makaratasi kunizidi mimi. Bibi anamlipia kodi euro 90 kwa mwaka, ana bima ya lazima endapo atamng'ata mtu, ameandikishwa serikalini, na chini ya ngozi ana chipu yenye tarakimu 15. Sheria inamtaka atembee na kamba, isipokuwa amefanya mtihani wa utii akafaulu. Waldi hajafaulu. Halafu kuna kanuni ya nchi nzima kwamba mbwa atolewe nje apate matembezi ya kutosha. Mvua inyeshe, theluji ianguke, mimi na Waldi tunatii sheria. Kanuni ya mwanafunzi wa uuguzi kutolewa nje sijaiona bado.

Haya, kisa chenyewe. Binti wa Bibi anaishi Mallorca, kisiwa cha Hispania ambacho Wajerumani wamekizoea mno, na Bibi aliamua kwenda kukaa naye majira ya baridi. Bila Waldi haendi. Shirika la ndege aliloliulizia likasema sawa, mbwa mdogo anaruhusiwa kukaa na abiria, ndani ya begi lake chini ya kiti cha mbele, ila mbwa na begi kwa pamoja wasizidi kilo 8. Akizidi atasafiri chini na mizigo, ndani ya kizimba kigumu. Bibi akasema afadhali yeye mwenyewe asafiri chini na mizigo.

Tukampima. Waldi kilo 7 na nusu. Begi, ambalo ni kizimba cha kitambaa kigumu chenye wavu ubavuni na zipu, kilo moja na ushee. Mnaojua hesabu mmeshaona. Daktari wa mifugo alifurahi: mbwa wa umbo hili akinenepa mgongo wake mrefu ndio unaoumia, kwa hiyo apunguzwe, safari au si safari.

Lakini mbwa hukubali kizimba kwa chakula. Ndiyo njia wanayoifundisha wote, unamwekea kitu kitamu ndani hadi aone pale mahali ndipo riziki inapotoka. Kumbe sisi tunatakiwa tumhonge aingie, na kila hongo inamzuia kusafiri. Bibi alikaa na mizani ya jikoni mbele yake, mkono mmoja kipande cha soseji, mkono mwingine kalamu, nikamwonea huruma.

Na kizimba Waldi alikikataa kwa moyo wote. Hilo lilinishangaza, maana ukoo wake wote ni wa mashimo. Karne kadhaa Wajerumani wamewafuga hawa ili waingie chini ya ardhi kumfuata mnyama mmoja jamaa wa nyegere, mwenye meno na hasira. Babu zake waliingia gizani kupigana na jamaa wa nyegere. Yeye anaogopa begi.

Mambo yakaharibika zaidi alipokuja mjukuu wa Bibi, kijana wa haraka. Akasema mnadekeza, akamshika Waldi kiunoni, akamsukuma ndani kwa nyuma, zipu vuu! Kilio kilichofuata kiliwatoa majirani. Baada ya hapo Waldi hakutaka kuona begi la aina yoyote. Mkoba wangu wa shule akiuona anavuka barabara, na ile kamba ikiwa mkononi mwangu, ina maana nami navuka.

Ndipo Bibi akaita mwalimu wa shule ya mbwa. Ndiyo, Shangazi, ipo, na ina ada. Mwanamke mpole, hasemi sana. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuliondoa begi pale mlangoni lilipowekwa kama tishio na kulipeleka sebuleni, karibu na kiti cha Bibi, wazi. Akalikunja paa kabisa ili ndani paonekane. Akamwomba Bibi sweta aliyoivaa jana, isiyofuliwa, akaitandika humo. Kisha akatuamuru tusifanye lolote. Asiitwe, asisukumwe, asitazamwe. Bibi aliambiwa asome gazeti. Nilimwona akilisoma juu chini.

Swali la hongo nalo akalimaliza kwa sentensi moja: asipewe cha ziada, apewe chake. Chakula cha siku kinapimwa asubuhi, bakuli linaondolewa, na kila punje Waldi ataipata kwenye begi au asipate. Punje za kwanza zinawekwa mlangoni, zinazofuata ndani kidogo, kisha mwisho kabisa. Akitaka kutoka atoke, hakuna wa kumzuia. Karoti zilizokatwa ndogo ndogo ziliruhusiwa kuwa nyongeza. Waldi alizitema moja moja juu ya zulia, safi, hazijaguswa na jino.

Akaanza kuingiza kichwa. Halafu nusu ya mbele, nusu ya nyuma ikibaki nje kwa dharura, na kwa urefu wake hiyo nusu ya nyuma ni mbwa mwingine mzima. Jioni moja narudi kutoka darasani namkuta amelala humo mwenyewe, juu ya sweta, anakoroma. Bibi kaweka kidole mdomoni nisiseme.

Zipu ilikuwa somo la peke yake, maana kilichomtisha kumbe kilikuwa ule mlio. Mwalimu alitufundisha kufungua na kufunga zipu begi likiwa tupu, mlio kisha punje, mlio kisha punje, mpaka akawa anakuja mbio akiusikia. (Sasa nikifunga koti langu anakaa mbele yangu na kusubiri malipo.) Baadaye ikafungwa akiwa ndani anakula, ikafunguliwa kabla hajamaliza. Muda ukaongezwa kidogo kidogo. Sheria kubwa ilikuwa kufungua wakati ametulia. Ukifungua anapokwaruza, umemfundisha kwamba kukwaruza ni ufunguo. Na asifungiwe humo kwa adhabu hata siku moja, hata akila kiatu. Kiatu alikula, changu.

Kisha tukatoka naye. Kwanza kulinyanyua begi na kuliweka chini, kisha kuzunguka sebule, kisha kwenye treni ya S1 hadi uwanja wa ndege, ili asikie vitoroli na matangazo na vishindo. Tulikaa pale kwenye benchi, Bibi, mimi na begi, tukinywa chai. Mama mmoja akatuuliza kwa upole tunasafiri wapi. Bibi akajibu hatusafiri, tunafanya mazoezi. Yule mama akaitikia kwa kichwa kana kwamba ni jambo la kawaida, akatutakia kila la heri. Hii ndiyo nchi nilikokuja, Mama.

Mimi hakuna aliyenizoesha. Mlinipandisha basi la Dar na mfuko wa visheti, nikaambiwa nikifika nipige simu. Nilipoomba viza niliulizwa hadi nitalala wapi. Waldi ana pasipoti ya buluu ya Umoja wa Ulaya, ndani kuna namba ya chipu na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo ikiwa ya kwanza lazima zipite siku 21 kabla ya safari. Picha si lazima, lakini Bibi alimpeleka kupigwa. Salio la benki hakuulizwa.

Bibi alitaka pia dawa ya usingizi, daktari akakataa. Alisema dawa hizo angani zinaweza kuvuruga pumzi na msukumo wa damu, na mbwa aliyelewa hawezi kujishikilia begi likiyumba. Mlo mwepesi saa kadhaa kabla, matembezi marefu, maji kidogo, basi.

Siku ikafika. Mizani ya shirika ikasoma kilo 7.9, mbwa na begi. Bibi alinikumbatia. Kisha wakapima sanduku lake mwenyewe, likazidi kilo 4, akalipa. Yaliyofuata kanisimulia kwa simu. Kwenye ukaguzi ofisa alisema mbwa atolewe, begi lipite kwenye mashine. Waldi akagoma kutoka. Foleni nyuma yao ikasimama, Bibi anatikisa begi, mbwa kajibana mwisho kabisa juu ya sweta. Alitolewa kwa punje.

Akalala hadi Palma.

Sasa Kaka, haya yakuhusu wewe. Nasikia uhamisho wa Dodoma umetoka na unataka kuondoka na mbwa wako Simba ndani ya lile tenga la kuku. Humo hataweza kusimama. Mtengenezee sanduku atakamosimama, ajigeuze na kulala kwa raha, lenye matundu ya hewa. Liweke uani leo hii, mlango uwe umeshikiliwa wazi kwa kamba usimgonge, na ugali wake awe anakula humo humo. Mpitishe kwa daktari wa mifugo apate chanjo na cheti. Na usimruhusu mtu yeyote amsukume kwa nyuma.