Gari Gani, Dada?

Ukiingia duka lolote la spea Gerezani, swali la kwanza ni "Gari gani?" Wenzangu hujibu kwa neno moja wakahudumiwa. Mimi huomba kiti kwanza.

Kadi inasema Toyota Mark II GX100, na kwa sura haidanganyi. Injini yake ya asili ilikuwa 1G, lita 2. Kijana aliyeniuzia aliing'oa akapachika 1JZ, lita 2.5. Hakutosheka. Akafunga throto bodi kubwa ya Nissan, kisha kontroo boksi ya kununua kando, ile ya kupangwa kwa laptopu, isiyo na undugu na Toyota wala Nissan. Gari likipiga chafya, hujui umpe pole nani.

Sensa iliyo ubavuni mwa throto ndiyo huiarifu kontroo boksi kwamba dereva kakanyaga mafuta kiasi gani. Hupewa volti 5. Ukiachia pedeli hurudisha kama nusu volti, ukiikandamiza hurudisha zaidi ya 4. Yangu ilikuwa imelika pale mwanzoni, panaposuguliwa kuliko kwingine, ikawa inasema uongo. Nimesimama kwenye taa za Mwenge, mguu nimeukunja, injini inanguruma, inashuka, inanguruma tena. Bodaboda mmoja akasogea, akainua kioo cha helmeti: "Dada, leo nina abiria, siwezi kushindana." Abiria wake, mama aliyepakata ndoo ya samaki, alinitazama kama anayesema tujaribu tu.

Dukani muuzaji alimsemesha fundi wangu. Fundi akaniashiria kwa mdomo kuwa mwenye gari ni mimi. Muuzaji akaelewa, akaendelea kumsemesha fundi: "Mwambie dada alete kadi." Kwa kadi akatoa sensa ya 1G. Tukamwambia injini ni 1JZ, akatoa ya 1JZ. Zote nzuri, zote hazituhusu.

"Sensa inaolewa na throto," fundi akasema, "haiolewi na kadi."

Basi tukatafuta ya Nissan. Hapo nako si kuokota tu. Matundu ya skrubu yalingane, ncha ya mhimili iingie, na izunguke upande uleule. Ikiwa ya upande wa pili, unaachia mafuta nayo inaripoti umekanyaga mpaka mwisho. Moja iliingia kama imepimwa, muuzaji akaanza kuhesabu hela yangu kwa macho. Fundi akaipima: kumbe swichi tu, inajua imefungwa au imefunguliwa, habari za katikati haina.

Fundi hutumia mita ya mshale, kuukuu, imefungwa kwa selotepu. Za namba, anasema, huficha mruko mdogo. Akazungusha sensa nyingine polepole kwa kidole gumba. Mshale ukapanda bila kushtuka, ukashuka bila kushtuka. Hiyo.

"Ikishavuka mlango hatupokei," muuzaji akasema, safari hii akinitazama mimi.

Kuifunga kulikuwa kazi ndogo: soketi iliungwa, na kontroo boksi ikafundishwa kwa laptopu sifuri iko wapi na mia iko wapi. Risiti niliisoma baadaye. Kwenye mstari wa aina ya gari ameandika: "Mark II ya Changanyikeni."

Mimi nakaa Mbagala.